Chasisi ikijeruhiwa: Kuitengeneza au kuibadilisha?

Na Mwandishi Wetu, Makamba

"MWALIMU, hebu njoo uone gari lako lilivyokaa." Ndivyo alivyoniita shemeji yangu jioni moja ya Aprili mwaka jana, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope nyuma ya pikapu yetu aina ya Toyota Hilux, tochi ya simu mkononi, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye habari njema.

Nilipoinama nikaona alichokiona. Nafasi iliyopo kati ya kabini na bodi ya nyuma, ambayo siku zote ilikuwa sawasawa juu mpaka chini, sasa ilikuwa imepanuka juu na kubana chini, kana kwamba gari limekunja mgongo. Chini yake, kwenye reli ya kushoto ya chasisi, palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Siku tatu kabla ya hapo shemeji alikuwa ametumbukia kwenye mtaro uliokatwa na maji karibu na Mugina, akiwa amebeba magunia ya chumvi. Alivutwa, akatoka, akaendelea na safari. Kumbe gari lilikuwa limeumia.

Ndugu msomaji, hali hiyo inawapata wengi katika njia zetu hizi za mpakani. Bampa likivunjika au taa ikipasuka kila mtu anajua la kufanya. Lakini inapoguswa chasisi, yaani mifupa yenyewe ya gari, swali linakuwa zito: utengeneze au ubadilishe? Majibu unayopewa yanategemea sana umemuuliza nani. Mwenye mashine ya kuchomelea atakwambia uchomelee, na mwenye kuuza spea atakwambia ununue. Makala haya yanaeleza tulichojifunza sisi, ili nawe ukifika gereji usiende mikono mitupu.

Gari lenyewe tulilinunua kwa ubia. Mimi nilitoa akiba yangu ya ualimu, yeye akauza ng'ombe wawili. Tangu hapo analeta chumvi ya Uvinza, sabuni na dagaa kutoka upande wa Kigoma kupitia Manyovu, na siku za soko huwabeba akina mama na mizigo yao. Nyumba mbili zinakula kupitia gari hilo.

Gereji ya kwanza

Asubuhi yake tulikwenda kwa fundi kijana ambaye wengi wanamsifu kwa wepesi. Aliangalia kwa dakika moja tu. "Hii ni kazi ya saa mbili, bosi," akasema. "Napasha kwa gesi mpaka iwe nyekundu, tunavuta kwa mnyororo, halafu naweka bamba juu ya ufa nachomelea pande zote nne. Jioni unapakia." Bei aliyotaja haikufika hata ya mbuzi mmoja.

Shemeji alikuwa ameshaanza kutoa pesa mfukoni. Alikuwa na deni la kikundi cha kuweka na kukopa, na kila siku gari linapolala ni siku ya hasara. Mimi nikamwomba tusubiri siku moja. Hakufurahi, lakini alikubali kwa kuwa mimi ni kaka wa mke wake.

Sikuwa na shaka na ukarimu wa kijana yule. Kilichonitia wasiwasi ni lile neno "nyekundu". Nafundisha sayansi, na nilisomea masomo hayo ukimbizini Tanzania, kwenye makazi ya Ulyankulu, ambako maabara yetu ilikuwa jiko la mkaa na vipande vya chuma. Chuma huanza kuonekana chekundu gizani kinapokaribia nyuzi joto 525 za Selsiasi, na mchana huwa kimeshapita hapo sana ndipo jicho linakiona. Chuma laini cha zamani kinaweza kuvumilia joto kiasi ikiwa anayekipasha anajua anachofanya. Lakini vyuma vingi vya magari ya siku hizi vimepewa ugumu wao kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo maalumu. Ukivipasha upya kwa gesi, ugumu ule unapotea wala haurudi kwa kumwagiwa maji. Kwa macho kitaonekana kimenyooka vizuri, kumbe kimelegea ndani.

Gereji ya pili

Siku ya pili tulikwenda Nyanza-Lac kwa fundi mzee, naye ni mmoja wetu sisi tuliorejea, aliyejifunza kazi Kigoma miaka ya themanini. Yeye hakuwasha mashine wala kutaja bei. Alituambia tuegeshe gari kwenye sakafu ya saruji, akachukua uzi na timazi ya mwashi.

Chini ya chasisi kuna matundu yaliyotobolewa kiwandani, kulia na kushoto, na kila tundu la kulia lina mwenzake wa kushoto. Mzee alining'iniza timazi kwenye tundu moja baada ya jingine, na pale ncha ilipogusa sakafu akaweka alama ya chaki. Alipomaliza tukasukuma gari pembeni, na hapo sakafuni zikabaki alama za chasisi nzima kama ramani. Kisha akapima kwa futi kutoka kona hadi kona, kulia mbele hadi kushoto nyuma, na kushoto mbele hadi kulia nyuma.

Kanuni yake ni ile ile ya mwashi anayepanga msingi wa nyumba. Msingi ukiwa mraba, vipimo viwili vya kukingama vinalingana. Visipolingana, nyumba imepinda. Kwetu, sehemu ya mbele ilitofautiana kwa milimita 4. Sehemu ya nyuma ilitofautiana kwa milimita 21.

"Mbele si kitu," akasema mzee. "Nyuma ndiko kwenye maneno."

Akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga reli taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kilikuwa kinalia vizuri. Alipokaribia ufa, mlio ukabadilika ukawa mzito, kama debe lililojaa majivu. Akachukua bisibisi, akasukuma. Bisibisi ikazama. Kutu nyekundu ikamwagika sakafuni kama unga wa muhogo ulioharibika.

"Shemeji," mzee akamwambia mwenzangu, "hukuvunja chasisi kwenye mtaro. Ilikuwa imeshavunjika, mtaro umekuonyesha tu. Unabeba nini?"

"Chumvi, mzee."

"Unaosha chini ya gari?"

Shemeji hakujibu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chumvi inayopukutika kutoka kwenye magunia, ikichanganyika na maji ya mvua, hupenya kwenye matundu ya reli na kukaa ndani. Reli ya chasisi ni kama bomba la pembe nne. Kutu inayoanzia ndani huwezi kuiona mpaka itokeze nje, na ikitokeza ujue chuma kimekwisha. Hali kadhalika maji ya samaki wa chumvi. Tena magari mengi tunayonunua yanatoka Japani, na yale yaliyotumika katika sehemu za theluji kama kisiwa cha Hokkaido, ambako barabara humwagiwa dawa zenye chumvi ili kuyeyusha barafu, yanaweza kuja na kutu tayari chini, huku rangi ya juu ikimetameta.

"Siogopi ufa"

Nilimuuliza mzee kama ule ufa hauwezi kuchomelewa. Jibu lake ndilo ninalotaka kila mwenye gari alishike: "Mwalimu, mimi siogopi ufa. Naogopa chuma kilicho pembeni ya ufa. Kama pembeni pazima, nitauziba. Kama pembeni ni kutu, nitashonea nini wapi?"

Akatueleza jinsi ufa unavyotengenezwa kwenye chasisi nzima ya gari la mizigo. Kwanza unatafuta mwisho wa ufa pande zote mbili na kutoboa tundu dogo la mviringo kila mwisho, ili ufa usiendelee kutambaa. Pili unausaga ufa uwe kama herufi V, ili risasi ya kuchomelea iingie mpaka chini, badala ya kukaa juu juu. Tatu unaweka bamba la kuongeza nguvu, lakini bamba hilo lisikatwe mraba. Ncha zake zikatwe kimshazari, maana bamba la mraba linaleta badiliko la ghafla kati ya sehemu ngumu na sehemu laini, na ufa mpya utazaliwa pale pale bamba linapoishia.

Nikakumbuka bamba la fundi wa kwanza, la pande nne, lililochomelewa pande zote nne.

Darasani ninalo somo moja ambalo wanafunzi hawalisahau. Nampa mtoto kipande cha waya, namwambia aukunje na kuukunjua mahali pamoja. Mara ya kwanza haukatiki, ya pili haukatiki, lakini baada ya muda unakatika bila nguvu yoyote. Chuma nacho huchoka. Chasisi yenye ufa inafanya hivyo hivyo kila gurudumu linapoingia shimoni, na siku itakapokatika haitapiga hodi. Itakatika ikiwa na mzigo kamili, pengine kwenye mteremko ule wa kutoka Makamba kushuka ziwani, na akina mama wakiwa nyuma juu ya magunia.

Kanuni ya kunyoosha na kubadilisha

Mafundi wa bodi walioendelea duniani wana kanuni fupi: chuma kilichopinda hunyooshwa, chuma kilichokunjika hubadilishwa. Tofauti iko hivi. Kilichopinda kimeinama taratibu kama upinde, na kikivutwa kinarudi umbo lake bila alama. Kilichokunjika kina mkunjo mkali mahali padogo, kama karatasi iliyobanwa kwa ukucha. Hicho hata ukikinyoosha, pale kwenye mkunjo kitabaki na makovu, kitapasuka nyufa ndogo, au kitarudi kukunjika pale pale kikiguswa.

Kwa hiyo kabla ya kukubali lolote, mwenye gari ajiulize maswali haya. Je, chuma kimepinda au kimekunjika? Je, kina kutu iliyokila, au ni kutu ya juu tu inayotoka kwa brashi? Je, palipoumia ni pale panapobeba uzito au panaposhika springi, usukani na magurudumu? Je, paliwahi kuchomelewa hapo kabla? Na je, kikivutwa bila moto kinarudi kwenye vipimo?

Majibu yote yakiwa mazuri, usiharibu pesa kununua kingine. Reli ya mbele ya gari letu, ile ya milimita 4, mzee alisema angeivuta kwa baridi, polepole, kwa jeki na mnyororo, akipima kila hatua, na kuipaka rangi ya kuzuia kutu. Kubadilisha kitu kilicho kizima kwa sababu tu ya kuogopa nako ni hasara. Lakini majibu mawili yakiwa mabaya, hasa la kutu, kiraka kitakuwa ni kuahirisha msiba.

Wasiotaka kuamini waangalie yaliyotokea Marekani. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali kumaliza kesi kuhusu fremu za pikapu za Tacoma na Tundra na gari la Sequoia, takriban magari milioni 1.5, kwa thamani iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kilichokubaliwa ni kukagua fremu, na zile zilizokuwa zimetobolewa na kutu kubadilishwa. Kama aliyelitengeneza gari mwenyewe alikubali kutoa fremu nzima, mimi na wewe tunapata wapi ujasiri wa kuweka bati?

Gari dogo si pikapu

Hapa niwakumbushe wenye Probox, Noah, Corolla na Vitz. Magari hayo hayana chasisi ya peke yake kama Hilux au Land Cruiser. Kwao bodi na chasisi ni kitu kimoja, sakafu, nguzo za milango na paa vyote vinabeba. Ndani ya pua yake kuna reli mbili zilizotengenezwa makusudi zijikunje wakati wa ajali, ili nguvu ya mgongano iishie hapo isiwafikie waliomo ndani. Reli hizo zikikunjika zimeshafanya kazi yake. Ukizinyoosha kwa moto au kuzijaza mabamba, umeharibu mpango wote: pengine zitakuwa laini mno, pengine ngumu mno, na safari nyingine nguvu ile itakwenda moja kwa moja kifuani kwa dereva.

Katika magari ya aina hiyo tofauti ya vipimo inayovumilika ni ndogo, kwa kawaida kama milimita 3 tu. Ikizidi, gari litavuta upande mmoja, tairi zitalika upande wa ndani, na milango itakataa kufunga. Nguzo za milango, hasa za magari ya miaka ya karibuni, mara nyingi ni za chuma kigumu mno ambacho hakitakiwi kupashwa moto kabisa. Sehemu ikibadilishwa, ikatwe pale kiwanda kilipoiunganisha, wala si popote panapomrahisishia fundi.

Aidha, kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa kwenye gari lolote, betri ifunguliwe, waya wa ardhi ubanwe karibu na panapochomelewa, na mabomba ya mafuta yaondolewe au yakingwe.

Mtego wa namba

Baada ya kukubali kwamba reli ya nyuma haifai, tukabaki na njia moja: kutafuta chasisi nyingine nzima. Mpya kutoka kiwandani ilikuwa ndoto. Ya mtumba ilipatikana kwa wauza spea upande wa pili wa mpaka, kwa bei ya karibu ng'ombe mmoja na nusu, mbali na gharama ya kuhamisha kabini, injini na bodi.

Lakini hapa kuna mtego ambao wafanyabiashara wa mpakani wanapaswa kuuogopa kuliko gharama. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe cha reli. Ukibadilisha chasisi, namba iliyopo kwenye kadi ya gari na kwenye bima ya kadi ya njano haitafanana tena na iliyopo kwenye chuma. Kwa askari wa mpakani, gari la namna hiyo ni gari la wizi mpaka uthibitishe vinginevyo. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lina orodha ya magari yaliyoibwa ambayo nchi wanachama huweza kuiangalia, na chasisi uliyouziwa kwa nia njema inaweza kuwa imetoka kwenye gari lililomo humo.

Wapo watakaokushauri usage namba ya zamani na kugonga nyingine. Usithubutu. Hilo ni kosa la jinai, na alama za grenda huonekana. Sisi tulianza ofisini kabla ya gereji. Tuliuliza kwanza karatasi gani zinatakiwa, ndipo tukanunua. Tulidai risiti yenye jina la muuzaji, nakala ya kadi ya gari ilikotoka chasisi, na namba yake ikaandikwa kwenye risiti. Tukaipitisha forodhani wazi wazi na kulipia. Kila nchi ina utaratibu wake, lakini kuuliza kabla ya kununua kunafaa kila mahali.

Na chasisi ya mtumba nayo ipimwe kama ile ya zamani. Mzee alituma nyundo yake na futi yake kwa fundi mwenzake kule. Ya kwanza tuliyoletewa ilikataliwa: ilikuwa imepakwa lami nzito mpya chini, na chini ya lami palikuwa na kiraka.

Baraza la nyumbani

Hata hivyo shemeji hakuwa ameridhika. Tulikaa nyumbani kwake usiku, yeye na dada yangu na mimi. Akasema maneno ya haki kabisa: "Wewe, Mwalimu, mwisho wa mwezi una mshahara. Mimi nikikaa miezi miwili bila gari, wateja wangu watakwenda kwa wengine. Kiraka kingenifikisha mwisho wa mwaka."

Sikuwa na jibu. Dada yangu ndiye aliyejibu, naye hakuinua sauti. "Hilo gari ndilo linalombeba mume wangu. Kama kiraka kitakufikisha mwisho wa mwaka, nani atakurudisha?"

Tulimaliza hapo. Mimi nilikopa nusu, yeye akauza ndama. Gari lililala siku 71. Ni kweli wateja wengine waliondoka, na wapo ambao hawajarudi mpaka leo. Deni tunaendelea kulilipa. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba uamuzi mzuri haumi.

Ila siku chasisi ya zamani ilipotolewa na kulazwa chini, vijana wawili waliinua mwisho wake ili kuisogeza. Ilikatika pale pale kwenye ufa, ikiwa haina mzigo wala kabini. Shemeji alisimama akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuchota maji, akaanza kuosha chini ya chasisi iliyokuwa inangoja kufungwa.

Siku hizi kila akishusha chumvi, kabla hajala, anafunika sakafu ya bodi kwa turubai upya na kumwaga maji chini ya gari mpaka yatoke meupe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chasisi, anza kwa kuuliza kama bado upo ukuta wa kuzibwa ufa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari.